Hodi Kabla ya Picha



Somo letu la mwezi huu halihusu maradhi ya mikarafuu wala namna ya kuanika. Linahusu jambo linaloleta maneno mabaya mashambani na njiani, nalo ni watu kupigwa picha bila ya kuulizwa.

Kila ufikapo msimu, karafuu huanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, wachumaji huwa juu ya miti, na jioni wanawake na watoto hukaa pamoja wakichambua makonyo. Mgeni apitaye huvutiwa na mambo haya, kwani kwao hayapo. Husimamisha gari, hutoa kamera au simu, hupiga, kisha huenda zake. Aliyepigwa akikasirika huzuka kelele na matusi, na mara nyingine hata kunyang'anyana simu. Wala si wageni peke yao. Vijana wetu wenyewe huwapiga picha jirani zao na kuzitawanya kwa watu wasiohesabika.

Wako wasemao: "Picha haimpunguzii mtu kitu. Ana hasara gani?" Neno hili halina haki. Mpita njia hukuona mara moja akasahau. Picha haisahau. Inakuchukua ulivyokuwa saa ile, na nguo zako za kazi na jasho lako, ikakupeleka kwa watu usiowajua, na chini yake wakaandika wapendavyo. Wewe huna nafasi ya kujibu.

Tutazame kisa cha wachumaji wenzetu, ingawa wao walichuma njegere. Mwezi wa Machi 1936, huko Nipomo, California, katika nchi ya Marekani, baridi kali iliharibu mazao, na wachumaji wakabaki kambini bila ya kazi wala chakula. Bibi mmoja mpiga picha wa serikali, Dorothea Lange, alifika akampiga picha mama mmoja wa miaka 32 pamoja na wanawe, kisha akaondoka bila ya kumwuliza jina. Picha ile ilitoka katika gazeti la San Francisco, na serikali ikapeleka ratili 20,000 za chakula kambini. Lakini mama yule na watoto wake walikwisha ondoka, wala hawakuonja chakula kile.

Picha ikawa mashuhuri duniani. Jina la mama halikujulikana mpaka mwaka 1978, mwandishi wa gazeti alipomkuta. Ni Florence Owens Thompson. Alisema kwamba aliahidiwa nakala ya picha wala hakuletewa, na kwamba hakupata hata senti moja. Binti yake mmoja alieleza baadaye kuwa picha ile iliwatia haya. Kwa haki tuseme pia kwamba Bi Lange alikuwa mtu wa mshahara na hakuiuza picha ile kwa faida yake. Na mwaka 1983 mama yule alipougua, watu wengi walioijua picha yake walichanga fedha za kumwuguza. Picha, basi, yaweza kuleta kheri. Kilichomwuma mama yule miaka 42 ni kutoulizwa jina na kutotimiziwa ahadi, na mambo hayo mawili hayakuhitaji gharama.

Kisa cha pili ni cha biashara. Katika jimbo la New York, kulichapwa matangazo 25,000 ya unga yenye sura ya msichana aitwaye Abigail Roberson, pasipo idhini yake. Matangazo yakabandikwa madukani na katika mabaa, na msichana akaugua kwa fedheha. Alishitaki, na mwaka 1902 mahakama kuu ya New York ikamnyima haki kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya jambo hilo. Watu walichukizwa mno, na mwaka 1903 ikatungwa sheria ya kwamba sura ya mtu isitumiwe kwa tangazo wala biashara ila kwa idhini yake ya maandishi.

Na huku kwetu je? Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na jamaa yake. Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka huo huo wa 2023, shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ruhusa ya wazazi, na baa moja shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja wake.

Hata hivyo, mwanachama asidhani kwamba kila picha ipigwayo njiani ni kosa. Katika nchi nyingi kupiga picha mahali pa watu wote hakukatazwi; kinachoangaliwa zaidi ni matumizi yake. Sheria huja baada ya ugomvi. Adabu huja kabla. Nasi adabu hiyo tunayo tangu zamani: mtu hupiga hodi mara tatu, na asipokaribishwa hurudi. Uso wa mtu nao una mlango wake. Aliyesema "Hodi, naomba picha" na akaambiwa "Hapana", arudi kwa salama.

Basi tushike haya:

1. Shamba ni lako. Uso wa mchumaji si wako. Mwenye shamba akimkaribisha mgeni, amekaribisha miguu yake tu. Kila mchumaji aulizwe mwenyewe, na anayekataa asikatwe ujira wala asinuniwe.

2. Mtoto asipigwe picha ila kwa ruhusa ya mzazi wake. Peremende si ruhusa.

3. Ukipigwa bila ya kuulizwa, anza kwa salamu, kisha sema wazi kwamba hukupenda, na uombe picha ifutwe mbele yako. Usiguse chombo cha mtu. Ukinyang'anya simu, haki uliyokuwa nayo imekutoka, na wewe ndiwe utakayeshitakiwa. Akikataa, andika nambari ya gari, uliza jina la anayemwongoza, na umwarifu sheha.

4. Picha ya biashara iwe na maandishi: ni ya nini, itatangazwa wapi, malipo ni kiasi gani, na nakala italetwa lini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi kabla ya kutia dole gumba.

5. Kukubali si aibu. Anayependa kupigwa apigwe, atajwe jina lake kama atakavyo, na ahadi aliyopewa itimizwe.

Maswali ya kuzungumza matawini:

(a) Mgeni akimpa mwenye shamba fedha ili awapige picha wachumaji, fedha hizo ni za nani?

(b) Kijana wa kijijini akitawanya picha ya jirani yake, nani amwonye kwanza?

(c) Picha ambazo chama chetu chenyewe hupiga mikutanoni, je, huwa tunauliza?

Kila tawi lizungumze maswali haya kabla ya wachumaji kupanda mitini, na majibu yaletwe kwa Katibu.

Wasalaam,
Katibu wa Chama