KISUKARI NA MISHIPA YA JICHO

Wapo wanaodhani ati sayansi haizungumziki kwa Kiswahili. Hebu tuingie maabarani tuone. Swali letu ni hili: ugonjwa wa kisukari humpofushaje mtu?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga. Utando huu hulishwa na vishipa vidogo mno vya damu. Taabu ni kwamba ukikata kipande cha retina ukitazame, waona kijisehemu tu cha mshipa, huoni mtandao wote.

Mnamo 1960, Toichiro Kuwabara na David Cogan wa Boston, Marekani, walieleza njia mpya. Walichukua retina za watu waliokwisha kufariki, wakazitia katika maji yenye tripsini, kwa joto la nyuzi 37. Tripsini ni kile kimeng'enya tulichosoma katika Bayolojia, kinachovunja protini utumboni. Basi nyama ya retina ikalainika, ikaoshwa, ikabaki mishipa peke yake kama wavu wa mvuvi. Wakaitia rangi na kuitazama kwa hadubini.

Katika jicho lenye afya, vishipa hivyo vina seli za aina mbili: zile zilizotandazwa ndani, na zile zinazokikumbatia kishipa kwa nje, ziitwazo perisaiti. Mwaka wa 1961 walitoa habari za macho ya wagonjwa wa kisukari. Kumbe perisaiti zilikuwa zimekufa, nafasi zao zimebaki tupu!

Perisaiti zikitoweka, ukuta wa kishipa hudhoofika na kutokeza uvimbe, mithili ya tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika. Damu na majimaji huvuja. Vishipa vingine huziba, retina ikakosa oksijeni. Hapo hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya. Mwaka wa 1994 Lloyd Aiello na wenzake, huko huko Boston, waliipata kemikali hiyo kwa wingi katika majimaji ya macho ya wagonjwa waliokuwa wakiota mishipa hiyo. Mishipa mipya ni dhaifu. Ikipasuka, damu hutanda jichoni na giza huingia.

Nyanya yangu ana kisukari, naye husema, "Macho yangu yaona, mjukuu wangu, ya nini kupimwa?" Lakini perisaiti hufa kimya kimya, mtu angali anasoma gazeti bila miwani. Kuona vizuri si ushahidi kwamba mishipa ni mizima.

Je, kuna tumaini? Lipo. Utafiti uliotangazwa 1993 uliwafuata wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada wanaotegemea insulini. Kwa wale walioanza macho yakiwa bado mazima, kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona. Mweleze mzazi wako leo.

Zoezi
1. Kwa nini tripsini ilitumiwa?
2. Perisaiti hufanya kazi gani?
3. Eleza jinsi mishipa mipya inavyoleta upofu.