Kitoaji, Kipokezi na Daraja: Istilahi za Diodi ya Molekuli Moja

Mnamo mwaka 1974, Ari Aviram na Mark Ratner walichapisha makala mafupi ambayo yangali yanarejelewa na wanakemia. Ratner alikuwa akifundisha kemia ya kinadharia katika Chuo Kikuu cha New York; Aviram alikuwa mwanafunzi wake na mfanyakazi wa IBM. Walionyesha, kwa hesabu tu, kwamba molekuli moja yaweza kuwa diodi, yaani kupitisha umeme kwa urahisi upande mmoja na kuukinza upande wa pili. Chombo cha kulithibitisha dai hilo hakikuwapo. Hadubini ya kuchunguza uso wa mata atomi kwa atomi ilibuniwa mwaka 1981, na vipimo vya kuaminika vya Robert Metzger, juu ya utando wenye unene wa molekuli moja, vilitoka mwaka 1997.

Molekuli yao ina sehemu tatu: inayoachilia elektroni kwa wepesi, inayozivutia, na daraja katikati. Mwanaistilahi mwenye haraka ataziita mbili za kwanza mtoaji na mpokeaji. Hapa ndipo penye tatizo. Msomaji atadhani kwamba mtoaji humpa mpokeaji, ilhali katika upande ule mwepesi elektroni huingia kwa mpokeaji kutoka kathodi, huvuka daraja kumwendea mtoaji, kisha hutokea kwenye anodi. Kinyume kabisa!

Kwa maoni yangu, sarufi yetu inatosha kutuokoa. Kitenzi *kupa* hudai mtendewa, *kutoa* hakimdai. Kwa hivyo tushike *kutoa*, tukitaje kitu kwa tabia yake bila kumtaja anayepewa (isitoshe, *kipaji* tayari kina maana yake). Aidha, ngeli ya KI-VI, iliyo ngeli ya ala, inafaa kuliko A-WA: *kitoaji* na *kipokezi*.

*Daraja* linanitatiza zaidi. Kwetu daraja huunganisha. Katika molekuli hii limeundwa kwa vifungo vya kaboni vilivyo pweke, na kazi yake kuu ni kuzuia mawingu ya elektroni ya pande mbili yasichanganyike. Yakichanganyika, molekuli huwa kitu kimoja na uelekeo wa mkondo hupotea. Elektroni huvuka kwa kupenya kizuizi, si kwa kupita juu ya njia iliyo wazi. Pengine *kitenge* kingefaa, lau wauza nguo wasingetutangulia. Nampendekezea msomaji *kitenganishi*.