HESABU YA MALARIA NYUMBANI

Leo tutapiga hesabu ya malaria. Kila mmoja achukue kalamu na daftari.

Tukiulizwa malaria imetugharimu kiasi gani, wengi wetu tunataja bei ya dawa tu. Hiyo ni nusu ya hesabu. Tutazame familia moja ya mfano.

Mvua zimenyesha, ni wakati wa palizi. Mbu nao wamezaliana. Mama anashikwa na homa. Anameza vidonge vya kutuliza maumivu, anangoja. Siku ya nne hawezi kusimama. Anapelekwa hospitali ya wilaya, analazwa.

Matumizi yao ni haya:

Pikipiki, kwenda na kurudi: Sh. 10,000
Vipimo, dawa na kulazwa: Sh. 25,000
Chakula hospitalini: Sh. 9,000
Jumla: Sh. 44,000

Fedha hizo zimetoka wapi? Wameuza madebe 4 ya mahindi ya chakula, kila debe Sh. 11,000.

Je, tumemaliza? Bado! Mama hakulima siku 8. Baba alimwuguza siku 4. Jumla siku 12. Kama kibarua hulipwa Sh. 5,000 kwa siku, hiyo ni Sh. 60,000. Basi malaria imekula Sh. 104,000. Na magugu hayangoji mgonjwa apone. Mwaka huu mavuno yatapungua, na ghala nalo limeshapungua.

Tufanyeje?

1. Ukishikwa na homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo, au kesho yake. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasingojeshwe kabisa, kwani malaria huwaua upesi.

2. Upimwe damu. Siyo kila homa ni malaria.

3. Maliza dawa. Dawa mseto ya ALu, inayotumika Tanzania Bara tangu mwaka 2006, mtu mzima humeza vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Yaani 4 x 2 x 3 = 24. Ukipata nafuu usiache, wala usimwekee mwenzio vilivyobaki.

4. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

MASWALI

1. Mama angekwenda zahanati siku ya kwanza, ni matumizi gani yangepungua?

2. Andika hesabu ya homa ya mwisho nyumbani kwako. Usisahau siku za kazi zilizopotea. Wasomee wenzako wa nyumbani, mjadiliane.