Jina la Yohana na Safari Zake

Somo la familia: Luka 1:57-66, Danieli 1 na 2, Yeremia 40 hadi 43



Mara nyingi ukifungua karatasi za nyumba moja hapa kambini utakuta hivi: kwenye cheti cha ubatizo baba ameandikwa Jean. Kwenye kadi ya chakula ni John. Majirani wanamwita Yohana, na bibi yake kule Burundi alimwita Yohani. Karani anauliza, hawa wanne ni akina nani? Swali hilo si dogo. Herufi zikipishana, mtu anayemtafuta kaka yake anaweza kuambiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Basi tulitazame jina lenyewe, limetoka wapi na linasema nini.

Kwa Kiebrania ni Yohanan, na kwa kirefu Yehohanan. Mwanzo wake ni jina la Mungu mwenyewe. Mwisho wake, hanan, ni kufadhili, kumtendea mtu mema asiyoweza kuyalipa. Kwa hiyo kila ukimwita Yohana unasema kwamba Bwana amefadhili. Neno hilo hilo limo ndani ya jina la Hana mama yake Samweli, la Ana yule nabii mke wa hekaluni, la Anania aliyemwekea Sauli mikono Dameski, na la Yoana, mmoja wa wanawake waliokwenda kaburini asubuhi (Luka 24:10). Na wewe uliyemwita binti yako Neema, au Buntubwimana kwa lugha ya nyumbani, hukuwa mbali na Elisabeti. Umesema jambo lile lile kwa kinywa chako.

Wagiriki waliliandika Ioannes, Warumi Iohannes, na kutoka hapo kila taifa likalikata kwa kisu chake. Wafaransa na Wabelgiji wakasema Jean, ndiyo maana Kongo, Rwanda na Burundi zimejaa akina Jean-Baptiste, yaani Yohana Mbatizaji. Waingereza wakasema John. Wareno wakasema João, utamkuta Angola na Msumbiji. Warusi wanasema Ivan, na Waethiopia Yohannes. Ukiwasikia hao wote wakiitwa mahali pamoja usingedhani ni wasomo.

Jirani zetu Waislamu nao wanaye. Kwao ni Yahya, mwana wa Zakaria, naye anatajwa katika Sura ya Maryam. Katika msikiti mkuu wa Dameski kuna mahali panapoheshimiwa kuwa kaburi la kichwa chake, na mwezi Mei 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye naye alibeba jina hili, aliingia humo. Hakuna papa aliyewahi kuingia msikitini kabla yake. Mtoto wako akicheza na Yahaya wa nyumba ya pili, mwambie kwamba huyo ni somo wa Yohana.

Wazee waliotoka Kongo wanakumbuka pia mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya ubatizo ya kigeni. Yeye mwenyewe alikuwa Joseph-Désiré. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi akakae Roma kwa muda. Jina la babu si dhambi hata kidogo, na wengi wetu tunalibeba kwa furaha. Ubaya ulikuwa kumlazimisha mtu.

Jambo kama hilo liliwapata vijana wa Yuda huko Babeli. Mkuu wa matowashi aliwapa majina mapya bila kuwauliza. Hanania, ambaye jina lake lina maneno yale yale ya Yohana yaliyogeuzwa tu mpangilio, akawa Shadraka. Lakini soma vizuri Danieli 2:17. Danieli anapokwenda nyumbani kuwaomba wenzake wasali, Maandiko yanamtaja Hanania. Mwishoni mwa sura hiyo, kwenye kazi za mfalme, ni Shadraka. Yapo majina ya ofisini, na yapo ya nyumbani pa sala.

Wengi hawajui kwamba yupo Yohana mkimbizi. Ni Yohanani mwana wa Karea. Yerusalemu ilipoanguka, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, liwali Gedalia aliuawa Mispa. Yohanani akawafuata wauaji, akawaokoa mateka, kisha kwa hofu ya Wakaldayo akawachukua wanaume, wanawake na watoto hadi Misri. Yeremia alikuwa amewakataza, na hatuwezi kulificha hilo. Lakini asimcheke upesi yeyote aliyewahi kubeba watoto usiku. Na Yeremia mwenyewe walimchukua katika msafara ule.

Sasa ya mikononi mwetu. Zakaria alipoulizwa jina la mtoto hakuweza kusema, akaomba kibao akaandika. Nawe ukiulizwa na karani, toa karatasi uliyoandika nyumbani kwa herufi kubwa, au mtajie herufi moja moja. Ukikuta kosa kwenye kadi, liripoti mapema, wala usingoje siku ya kuitwa kwenye mahojiano. Usibadili jina la mtoto kwa kusikia kwamba jina fulani linapendwa ng'ambo. Anayemtafuta atamtafuta kwa jina analolijua. Na cheti cha ubatizo kikipotea, mwone katibu wa kanisa.

Maswali ya jioni nyumbani: Nani alikupa jina lako, na kwa nini? Je, ndugu zetu tusiojua waliko, watoto wanaweza kuyataja majina yao yote? Waambieni wayaandike.