TAA ZA GARI ZIKICHEZACHEZA

Kama unaendesha gari la kubeba watu au mizigo kutoka Bandari ya Juba, usisafiri usiku taa za mbele zikichezacheza. Barabara ya Nimule ina urefu wa kilomita 192, na malori ni mengi. Taa zikizimika ghafla, watu watakufa.

Anza kwa kutazama: ni taa moja au zote mbili?

1. TAA MOJA. Zima gari. Angalia balbu, soketi yake na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Penye kutu, sugua kwa msasa, kisha kaza.

2. ZOTE MBILI. Angalia vichwa vya betri. Fungua waya wa hasi (–) kwanza. Uurudishe wa mwisho. Unga mweupe una asidi, usiushike kwa mkono mtupu. Safisha, kaza.

3. ZINAFIFIA, UKIKANYAGA MAFUTA ZINANG'AA. Kagua mkanda wa altaneta. Injini ikiwaka, betri ya volti 12 ipimwe kati ya 13.5 na 14.5. Vinginevyo, mwone fundi umeme.

ONYO: Fyuzi ikiungua, usiweke waya wala karatasi ya pakiti ya sigara. Gari litashika moto. Weka fyuzi ya ampea zilezile.