Majipu Nyumbani: Nani Anamwambukiza Nani?

Leo ninawaletea somo nililolipata nyumbani kwetu Matisi, wala si darasani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tulifunzwa kidato cha kwanza, lakini mimi nimeielewa mwaka huu.

Ilianza na mimi. Mwezi wa Desemba nilitoka jipu kwapani. Nikalibinya kwa vidole, likapasuka, nikapona na kusahau. Januari, ndugu yangu wa miaka sita akatoka jipu pajani. Lilipopona likaja lingine. Kisha kitindamimba wetu akapata vidonda vya usaha karibu na pua. Jirani mmoja alisema eti ni damu chafu, mwingine akasema ni maembe mengi. Mama alinunua vidonge dukani mara mbili, na mtoto akipata nafuu kidogo tu, tunaviacha.

Usiku mmoja yule wa miaka sita joto likampanda, paja likavimba na kuwa gumu. Asubuhi tukampeleka hospitali. Muuguzi alilipasua jipu, akatoa usaha, kisha akauliza, "Mama, hawa watoto wanalala wapi? Taulo mnazo ngapi?" Mama akanyamaza. Taulo ilikuwa moja na sisi ni sita. Kitanda kimoja tunalala watatu.

Kumbe majipu mengi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Daktari Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, alimwona kwenye usaha wa majipu mwaka 1880. Mwaka 1882 alimpa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kishada cha zabibu, kwa sababu bakteria hao hujikusanya hivyo. Karibu watu 3 kati ya 10 wanaye puani bila kuumwa. Lakini ukigusa pua kisha ukajikuna palipoumwa na mbu, umemfungulia mlango. Husafiri kwa mikono, taulo, shuka na wembe. Akiingia kwenye damu au mfupa anaweza kuua.

Je, atibiwe mgonjwa peke yake? Watafiti wa St. Louis, Marekani, walitoa jibu mwaka 2012. Waliwagawa watoto wagonjwa mafungu mawili. Fungu la kwanza, mtoto peke yake alitumia dawa ya pua na sabuni ya kuua viini. Fungu la pili, watu wote wa nyumba walitumia. Baada ya mwaka mmoja, waliougua tena walikuwa wachache zaidi katika fungu la pili, ingawa hawakukosekana kabisa.

Muuguzi alitupa masharti haya:
(a) Kila mtu awe na taulo yake na wembe wake. Taulo kuukuu ikatwe vipande kama hakuna pesa.
(b) Jipu lisibinywe. Likandwe kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, na kidonda kifunikwe.
(c) Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kugusa kidonda.
(d) Shuka na nguo za mgonjwa zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani.
(e) Dawa itolewe na daktari, na dozi imalizwe. Kutumia dawa ovyo huchangia bakteria kuwa sugu.
(f) Mtoto akiwa na joto jingi, au uvimbe ukienea, apelekwe hospitali mara moja.

Muuguzi alipouliza nani alianza, mimi niliangalia chini. Niliona aibu. Jioni nilimwambia mama, "Ni mimi nilianza, mama." Hakunigombeza. Alisema, "Ungesema mapema, mwanangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko jipu lenyewe.

Wanafunzi wenzangu, hata hapa shuleni tunavaliana jezi za mpira na kuazimana taulo baada ya mechi. Mwenye jipu asicheke wala asichekwe, bali aseme. Walimu wetu, tunaomba sabuni isikose bombani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.