Dhana Moja, Istilahi Moja: Uthabiti wa Istilahi katika Miongozo ya Programu Huria

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa tangu shule ya msingi kwamba kurudiarudia neno moja ni dalili ya uchechefu wa msamiati. Aliyeandika "nyumba" katika aya ya kwanza ya insha hushauriwa aandike "makazi" katika ya pili na "maskani" katika ya tatu. Makala haya yanadai kwamba ushauri huo, ulio na manufaa yake katika insha, ni hatari katika mwongozo wa programu ya kompyuta, hasa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza.

Nairobi ina mfano mashuhuri wa programu ya aina hii. Jukwaa la Ushahidi liliundwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili kukusanya habari za matukio kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Kwa kutumia jukwaa hilo, mradi uliopewa jina la Uchaguzi ulifuatilia kura ya maoni ya katiba ya 2010 na uchaguzi mkuu wa 2013. Watu wa kujitolea waligawana kazi: kusoma ujumbe mfupi, kutafsiri, kutafuta mahali tukio lilipotokea, na kuthibitisha.

Kazi kama hiyo haiendeki bila mwongozo. Na tuchukulie kwamba mwongozo umeandikwa kwa Kiswahili, na kwamba anayeusoma ni kijana aliyejitolea kusaidia akiwa nyumbani kwao Lavington, usiku wa kuhesabu kura, bila mwenzake wa kumuuliza. Ukurasa wa kwanza unamtaka athibitishe kila "taarifa". Wa tatu unasema kwamba "ripoti" isiyothibitishwa isichapishwe. Wa tano unamwagiza afute "taarifa" zote alizokwisha kuzisoma. Lakini aliyefasiri ukurasa huo alikusudia vile vijumbe ambavyo mfumo humtumia mtumiaji kumjulisha kuwa kuna jambo jipya. Kijana anatii na kufuta. Maneno ya shahidi aliyeona sanduku la kura likipakiwa garini gizani yamekwenda.

Makosa hapa ni mawili, na yafaa kutenganishwa. Dhana moja imepewa istilahi mbili, kisha istilahi moja imebebeshwa dhana mbili. Kosa la kwanza humchosha msomaji. La pili humpoteza. Ajabu ni kwamba wahakiki hulalamikia zaidi lile la kwanza, pengine kwa kuwa huonekana upesi. Neno "hifadhi" laweza kuwa amri ya kitufe, nafasi iliyomo katika diski, au nakala ya akiba, na wengi hupita bila kushtuka.

Chanzo kimo katika namna kazi inavyofanywa. Programu huria hufasiriwa na watu wengi wasiofahamiana, kila mmoja akichukua vifungu vichache vilivyokatwa kutoka katika muktadha wake. Mmoja yuko Nairobi na amezoea "tarakilishi". Mwingine yuko Dodoma na kwake hiyo ni "kompyuta". Wa tatu anashikilia "ngamizi". Kila mmoja ana hoja yake, na hakuna mhariri wa kuamua.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuiamuru mashine ibadilishe neno moja kwa jingine mwongozo mzima. Sarufi ya Kiswahili hairuhusu wepesi huo. Sentensi "Neno lako la siri si sahihi, liandike tena" ikibadilishiwa istilahi peke yake, hutokea "Nywila lako si sahihi, liandike tena". Ngeli imebadilika, na kila kiambishi kinachofuata kinadai kubadilishwa. Hata neno "faili" lina mgogoro wake: wapo wanaosema "faili lilifunguliwa" na wapo wanaosema "faili ilifunguliwa". Basi kukubaliana kuhusu istilahi bila kukubaliana kuhusu ngeli yake ni makubaliano nusu.

Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, ulionyesha njia ya busara: orodha ya istilahi za kompyuta ilishughulikiwa kama kazi yenyewe, si kama kiambatisho cha tafsiri. Orodha ya namna hiyo ikiwekwa pamoja na msimbo, haitoshi iwe na istilahi na maana yake tu. Inahitaji ngeli, umbo la wingi, sentensi ya mfano, na visawe visivyoruhusiwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huzua ugomvi, kwa kuwa humlazimu Mkenya au Mtanzania kuona neno lake pendwa limeandikwa upande wa yaliyokatazwa. Katika mwongozo wa kijana wa Lavington, safu hiyo ingeonyesha "ripoti" imekatazwa, "taarifa" imebaki kwa maneno ya shahidi, na vijumbe vya mfumo vimepewa jina la "arifa".